Ukibonyeza neno kwenye apu zikaja maana saba za Kigiriki, unachukua ipi?

KijanaWaMwanga (Kigoma)

Bwana asifiwe wapendwa, na wale wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu pia. Niko Kigoma mjini huku Mwanga, naongoza kipindi cha Biblia cha vijana kanisani kwetu kila Jumamosi jioni na kuna jambo linanisumbua, naomba mwenye uelewa anisaidie taratibu.

Sisi wengi tunasoma Biblia ya Kiswahili ile ya Union ya mwaka 1952. Sasa mimi nina apu kwenye simu, ina King James ya Kiingereza na kila neno limewekewa namba ya Strong, ukibonyeza linakuja neno la Kigiriki lenyewe, linavotamkwa, na chini yake maana zimepangwa, maneno mengine yana maana tano mengine kumi na kitu. Naipenda sana hii kitu, bando likiwepo naweza kukaa nayo mpaka usiku wa manane. Ila nikianza kuandaa somo ndo nakwama, maana zote zinaonekana zinafaa na sijui kigezo cha kuchagua ni kipi.

Juzi kulikuwa na semina mtaani, mhubiri akafundisha kwamba kwa Kigiriki kuna logos ambalo ni neno lililoandikwa na kuna rhema ambalo ni neno hai Mungu anakusemesha wewe sasa hivi. Akaingia Yohana 21, akasema Yesu alimuuliza Petro kuhusu agape, upendo wa kimungu, Petro akajibu kwa phileo, upendo wa kirafiki tu, ndo maana Yesu akarudia rudia swali. Watu walishangilia sana, vijana wangu wakaandika kwenye madaftari. Jumamosi iliyofuata binti mmoja akauliza, sasa kwenye Kiswahili yote hayo yameandikwa "neno" na yote yameandikwa "penda", ina maana Biblia yetu imetuficha mambo miaka yote hii? Kuna mama mtu mzima huwa anakaa na sisi, Biblia yake ya Kiswahili imechakaa kwa kusomwa, kila ukurasa una mistari ya kalamu. Siku ile hakuchangia kitu mpaka tunafunga kwa maombi. Iliniuma sana kwa kweli.

Kwa hiyo naomba kujua, hayo ya logos na rhema na agape na phileo yakoje? Na je Kiswahili chetu ni kweli kimepungukiwa hivo? Na mtu kama mimi ambaye sijasoma Kigiriki natakiwa nifanyeje ili nisipotoshe watu?


MjukuuWaUnyanyembe (Tabora)

Kijana umeuliza vizuri. Mimi nilisoma Kigiriki chuo cha Biblia na sasa nazunguka kufundisha wainjilisti wa vijijini huku kwetu, Sikonge mpaka Urambo, na maswali hayahaya nakutana nayo kila mahali, kwa hiyo nitaandika kirefu, vumilia.

Anza na hiyo namba yenyewe. James Strong alikuwa Mmarekani, itifaki yake ya Biblia ilitoka 1890, na itifaki kazi yake ni kukutafutia mstari, unakumbuka neno moja tu la aya, unafungua, unaona mahali pote lilipo kwenye King James. Akaongezea namba ili mtu asiyesoma Kigiriki aone nyuma ya neno hili la Kiingereza kuna neno gani, na za Kigiriki zinakwenda mpaka 5624. Kitenzi agapao ni 25, agape ni 26, phileo ni 5368. Ni kazi kubwa mno na tunamshukuru. Ila ile orodha ya maana unayoiona chini, sehemu kubwa inakuonesha wale watafsiri wa King James wa 1611 walilitafsirije hilo neno, hapa hivi, pale vile. Maana zile hazikai zote kwenye aya moja. Fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili afungue kamusi atafute "kaa", atakuta kuketi, kuishi mahali, kaa la moto, na kaa yule mwenye magando. We umemwambia "nakaa Ujiji" halafu yeye anakwenda kuwafundisha wenzake kwamba kwa undani wa Kiswahili huyu jamaa anaishi Ujiji akiwa ameketi huku anawaka moto. Neno linapata maana yake kwenye sentensi, na sentensi inapata maana yake kwenye habari nzima. Hicho ndo kigezo unachotafuta.

Sasa Yohana 21. Ni kweli kabisa Kigiriki kina vitenzi viwili pale, Yesu anauliza mara mbili kwa agapao, Petro anajibu kwa phileo mara zote tatu, na mara ya tatu Yesu naye anauliza kwa phileo. Hilo ni sahihi. Tatizo linaanza pale mtu anaposema agapao ni wa mbinguni na phileo ni wa chini. Mfuate Yohana mwenyewe anavoandika. Yohana 3:35 Baba anampenda Mwana, agapao. Yohana 5:20 Baba anampenda Mwana, phileo. Baba ni yuleyule na Mwana ni yuleyule, nani atasema sura ya tano upendo ulipungua? Halafu Yohana 3:19, aya tatu tu baada ya ile 3:16 tunayoijua wote kwa moyo, watu "wakapenda giza kuliko nuru", ni agapao ileile. Dema alimwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu wa sasa, 2 Timotheo 4:10, agapao tena. Na kwenye ile tafsiri ya kale ya Agano la Kale kwa Kigiriki, Amnoni aliyemtamani Tamari mpaka akamtenda ule uovu, 2 Samweli 13, limetumika hilohilo. Kwa hiyo neno lenyewe halikuzaliwa takatifu. Upendo wa Mungu tunaujua ulivyo kwa sababu Maandiko yanatuambia alifanya nini, alimtoa Mwanawe.

Na ona hili sasa. Yohana hapohapo sura ya 21 amebadilisha na maneno mengine matatu, wana-kondoo na kondoo, kulisha na kuchunga, kujua na kutambua. Fungua Biblia yako ya Kiswahili aya ya 15 mpaka 17 uangalie, yote matatu yamo! "Lisha wana-kondoo wangu", kisha "Chunga kondoo zangu", kisha "wewe wajua yote, wewe umetambua". Watafsiri wetu waliyaona na wakayaweka. Penda peke yake ndo ilibaki moja, na ukishaona kwamba Yohana ana tabia ya kubadilishabadilisha maneno hutashangaa sana. Kwa nini Petro alihuzunika? Aya inasema yenyewe, kwa vile alivyomwambia mara ya tatu. Mara tatu alikana, mara tatu anaulizwa.

Ukitaka kuona ile apu ikikusaidia kwelikweli, kwenye Yohana 21:9 bonyeza ule moto wa makaa. Utapata anthrakia. Halafu iambie ikuoneshe mahali pengine neno hilo lilipo kwenye Agano Jipya lote. Ni sehemu moja tu nyingine, Yohana 18:18, ule moto Petro alikuwa anaota uani kwa kuhani mkuu alipomkana Bwana. Yaani Yesu amemkalisha Petro penye moto wa makaa kama ule ule, harufu ile ile, ndo anamuuliza unanipenda. Mimi nikifundisha hapo huwa nanyamaza kidogo watu wapate muda. Na Kiswahili kimesema "moto wa makaa" sehemu zote mbili, mwenye Biblia ya Kiswahili angeweza kuiona bila apu yoyote.

Rhema sasa. Soma 1 Petro 1:23 mpaka 25. Aya ya 23 tumezaliwa kwa neno la Mungu lenye uzima, hapo ni logos. Aya ya 25 neno la Bwana hudumu hata milele, na neno hilo ndilo lililohubiriwa kwenu, hapo ni rhema mara mbili. Petro anazungumzia kitu kimoja, na lile analoliita lenye uzima ni logos, kinyume kabisa na ulivofundishwa kwenye semina. Kisha nenda Mathayo 12:36. "Kila neno lisilo maana" watakalolinena wanadamu, hilo neno lisilo maana ni rhema! Watatoa "hesabu" ya neno hilo siku ya hukumu, na hiyo hesabu ni logos. Aya moja, rhema ni neno la ovyo na logos ni hesabu mtu anayotoa. Mungu anasema na watu wake leo, hilo naliamini kwa moyo wote na nimeliona, ila halihitaji kushikiliwa na tofauti ambayo mitume wenyewe hawakuifuata.

Lingine utakalolisikia ni dunamis, neno la Kigiriki la uweza, kwamba maana yake ni baruti, dainamaiti. Alfred Nobel aliipa baruti yake hilo jina 1867, yeye ndo aliazima Kigiriki. Paulo kwenye Warumi 1:16 anasema uweza wa Mungu uuletao wokovu, unaokoa watu, haulipui.


MvuviWaKibirizi (Kigoma)

Nasoma hapa nasikitika kidogo. Petro alikuwa mvuvi kama sisi wa Kibirizi, hakwenda chuo, na Matendo 4:13 inasema watu waliona hawana elimu wakastaajabu. Roho Mtakatifu ndo mwalimu. Haya mambo ya Kigiriki naona yanaleta watu kujiona, ndo hayo ya yule mama kunyamaza. Mi nadhani tuyaache tusome Neno kwa maombi basi.


MjukuuWaUnyanyembe (Tabora)

Mkuu hoja yako naiheshimu na kujiona ni dhambi kweli, hata mimi nimewaona watu wanaoweka neno la Kigiriki kwenye kila sentensi ili wasiulizwe. Lakini hilo Neno unaloomba nalo likufikie Kibirizi kwa Kiswahili kuna mtu alikaa chini na Kigiriki miaka, aya kwa aya. Na Petro huyo mvuvi barua yake imetufikia kwa Kigiriki. Kusoma kwa bidii na kuomba havigombani.


BintiKasulu

Shalom wote. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari huku Kasulu, Kigiriki nimejifunza kidogo kidogo mwenyewe, na nimeingia hapa kwa ajili ya lile swali la pili maana naona limepita haraka. Kijana wa Mwanga, waambie vijana wako kuna mambo mengi ya Kigiriki ambayo Kiingereza cha leo hakiwezi kuyabeba na Kiswahili kimeyabeba tangu zamani. Nasema hivi nikiwa nakifundisha hicho Kiingereza kila siku.

Kiingereza cha leo kina "you" moja tu, mtu mmoja "you", watu mia "you". Kigiriki kina su na humeis kama sisi tulivyo na wewe na ninyi. Sasa Luka 22:31-32, Yesu anamwambia Simoni, Shetani "amewataka ninyi" apate kuwapepeta, lakini "nimekuombea wewe". Unaona? Shetani anawataka wote kumi na wawili, Yesu anamuombea Simoni ili akisimama awaimarishe wenzake. Mtu anayesoma Kiingereza kipya bila maelezo ya chini anadhani Shetani alimtaka Petro tu. Ile King James ya zamani ilionesha kwa sababu enzi zile Kiingereza kilikuwa bado kinatenganisha mmoja na wengi, lakini wanafunzi wangu ukiwauliza leo hawajui hilo, wanaona ni Kiingereza cha kizee tu.

Yohana 3:7 ni hivohivo. "Usistaajabu kwa kuwa nilikuambia", huyo ni Nikodemo mmoja, halafu "Hamna budi", hao ni wengi. Nikodemo alikuja usiku na lugha ya wingi, "twajua ya kuwa u mwalimu", na Yesu anamjibu kwa wingi wake. Na 1 Wakorintho 3:16, "ninyi mmekuwa hekalu la Mungu", Paulo anasema na kanisa zima lililokuwa linagawanyika, mimi wa Paulo mimi wa Apolo. Wahubiri wanaosoma Kiingereza wameigeuza kuwa mwili wa mtu mmoja mmoja, usivute sigara. Kuhusu mwili kuna sura ya 6, ile ya 3 ni onyo kwa wanaolivunja kanisa na ni onyo kali mno.

Halafu adelphoi, neno ambalo Paulo anawaita waumini wenzake. Wenzetu wanaosoma Kiingereza wamebishana sana waandike "kaka" au waandike "kaka na dada". Sisi tuna ndugu, imemaliza kila kitu, dada yumo kaka yumo.

Na lile la jehanamu. King James waliandika neno moja la Kiingereza kwa Hades na kwa Gehena yote mawili. Mtu anasoma Matendo 2:27 anashtuka kwamba nafsi ya Kristo ilikuwa jehanamu. Kiswahili kimesema "kuzimu" pale, na kimeweka jehanum Mathayo 5:22 ambapo ni Gehena. Tofauti imebaki.

Ngoja niseme na hili la Yohana 19:30 maana ndo linanigusa zaidi. Tetelestai, neno la Yesu pale msalabani. Kigiriki kina hali ya kitenzi inayosema jambo limeshafanyika na matokeo yake yapo mpaka sasa. Kiswahili tuna -me- inayofanya kazi hiyohiyo. Ukisema "mgeni amefika" ni kwamba yupo, mpelekee maji. Ukisema "mgeni alifika" sijui kama bado yupo. Biblia yetu imesema "Imekwisha". Neno moja kwa neno moja, na hali ileile ya kitenzi. Kiingereza kimehitaji maneno matatu.

Sasa Biblia gani imetuficha?


MsomajiWaIpuli (Tabora)

Tumsifu Yesu Kristo. Dada wa Kasulu amenifurahisha sana ila nataka kuongeza upande wa pili ili vijana wasije wakaondoka wanaamini tafsiri yetu haina mahali ilipobanwa.

Yohana 3:3, "mara ya pili". Kigiriki ni anothen, na hilo neno ni "tena" na pia ni "kutoka juu". Yesu alisema neno lenye pande mbili, Nikodemo akashika upande mmoja ndo akauliza mtu mzima ataingiaje tena tumboni mwa mama yake. Kiswahili hakina neno moja lenye pande hizo mbili ikabidi mtafsiri achague, na akachagua alichosikia Nikodemo. Ukishuka mpaka 3:31, "Yeye ajaye kutoka juu", ni anothen hiyohiyo na pale wametafsiri upande wa pili. Kwa hiyo hapo apu inakusaidia kweli, inakuonesha uzi unaounganisha aya mbili ambazo kwa Kiswahili huwezi kuziona zinahusiana.

Nyingine ni Waefeso 2:8, na hii ni ya ngeli. Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, "ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu". Hiyo ipi? Kwa Kiswahili neema ni hiyo, imani ni hiyo, njia nayo ni hiyo, kwa hiyo msomaji anashika mojawapo na kuanza kubishana kwamba imani yenyewe ndo kipawa. Kigiriki neema na imani ni za jinsi ya kike, lakini neno "hiyo" pale ni touto, si la kike wala la kiume. Haliendani na neema wala na imani, ndo maana wengi wanaliona linashika jambo zima lililotangulia, huku kuokolewa kwa neema kwa njia ya imani. Ungesema "na jambo hili halikutokana na nafsi zenu" ungekuwa karibu zaidi. Hakuna aliyekosea, ngeli zetu ndo zilivyo, ila ubishi nilioushuhudia juu ya aya hiyo ungepungua sana watu wangejua hivo.

Na kwetu Wakatoliki tunasali "umejaa neema" kila siku, hiyo imepitia Kilatini, gratia plena. Kigiriki cha Luka 1:28 ni neno moja, kecharitomene, ni kitenzi cha kutendwa cha ile hali dada aliyoieleza, jambo limeshatendeka na lipo. Biblia ya Union imesema "uliyepewa neema". Nikiyaweka yote mawili pamoja nasali vizuri zaidi.


KijanaWaMwanga (Kigoma)

Jamani Mungu awabariki sana, nimesoma yote mara mbili na hii ya moto wa makaa nimekwenda kuangalia mwenyewe, ni kweli kabisa, ziko hizo mbili tu. Mtumishi wa Tabora naomba basi unielekeze, nataka nianze Kigiriki chenyewe, naanzia wapi, na hapa Kigoma sina mwalimu. Na pia lile la Mathayo 28:19, nimesikia kwa Kigiriki Yesu hakuamuru "nendeni" alisema "mkiwa mnaenda", ni kweli? Na 1 Yohana 3:9, aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, vijana wangu inawavunja moyo sana hii aya.


MjukuuWaUnyanyembe (Tabora)

Naanza na Mathayo. Kitenzi kikuu pale ni kufanya wanafunzi, na kwenda, kubatiza, kufundisha vimekiegemea. Hapo wako sahihi. Ila jinsi kilivyowekwa kile cha kwenda, kikitangulia kitenzi cha amri, kinabeba amri pamoja nacho. Mathayo 2:13 imejengwa hivohivo, malaika anamwambia Yusufu ondoka umchukue mtoto ukimbilie Misri, na Yusufu hakuelewa kwamba akija kuondoka siku moja ndo amchukue mtoto, aliondoka usiku uleule. Sasa tazama Kiswahili, "enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, mkiwabatiza". Ile -ka- inakuonesha mnakwenda ili mkafanye nini, ile -ki- inakuonesha kubatiza kunakwenda pamoja na kufanya wanafunzi. Huwa nawaambia wainjilisti wangu, anayejua -ka- na -ki- zinafanya nini ameshaelewa nusu ya kile ambacho wenzetu wanafundishwa darasani kwa shida.

Kuhusu kujifunza. Herufi ni 24, wiki mbili tatu unazishika ukiandika kila siku kidogo, andika kwa mkono kabisa kwenye daftari, simu haitoshi. Agano Jipya lote lina maneno tofauti yapatayo 5,400 lakini usitishike, yapo kama 310 tu yanayojirudia mara hamsini na kuzidi, na ukiyajua hayo umeshajua karibu asilimia 80 ya maneno yote utakayokutana nayo ukisoma. Ukishajua herufi anza kusoma 1 Yohana, Kigiriki chake ni chepesi, sentensi fupi na maneno yanajirudia. Usianze na Waebrania wala Luka utakata tamaa.

Na soma ukiwa na Kiswahili pembeni, utashangaa vinavyoshikana. Waefeso 5:18, plerousthe. Chukua "mjazwe" ya Biblia yako uipasue, m- ni ninyi wengi, -w- ni mnatendwa yaani mwingine ndo anawajaza, na e ya mwisho ni agizo. Kigiriki kimeweka hayo yote kwenye neno moja vilevile. Kilichobaki nje ni kwamba Kigiriki kinaonesha ni jambo la kuendelea, muwe mnajazwa, siyo mara moja imeisha.

Hapo ndo tunafika 1 Yohana 3:9. Hicho nacho ni kitenzi cha kuendelea. Tafsiri mpya za Kiingereza nyingi zimeongeza maneno ili isomeke kwamba haendelei kutenda dhambi, hana hiyo mazoea. Kiswahili hakikuhitaji kuongeza. Nikikwambia "babu hanywi pombe" huelewi kwamba saa hii mezani kwake hakuna chupa, unaelewa siyo mtu wa pombe. Hatendi dhambi ndo hivo. Na sura ya 2:1, "kama mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi", pale Kigiriki kimetumia kitenzi cha tukio, mtu ameanguka, na Mwombezi yupo.

Ila tahadhari na hili, usijenge kila kitu juu ya hali ya kitenzi. Kwenye 5:16 huyohuyo Yohana anasema mtu akimwona ndugu yake anatenda dhambi isiyo ya mauti, na pale kitenzi ni cha kuendelea na bado anamwita ndugu, na anasema tumwombee Mungu atampa uzima. Kwa hiyo vijana wako wakivunjika moyo na 3:9 usiwape sarufi kwanza. Wasomee barua yote kwa mkupuo mmoja, sura tano, nusu saa haiishi, waanze na 1:8 kwamba tukisema hatuna dhambi tunajidanganya, wafike 2:1, wafike 3:9, wamalizie na 5:16, halafu ndo mfungue apu.